Barua ya Wazi kwa Shirikisho la Soka la Bulgaria: Mechi Zilizochezwa Zirudi Kwenye Kumbukumbu za Msimu wa 2015/16

Kwa: Rais na Wajumbe wa Kamati Tendaji,
Shirikisho la Soka la Bulgaria,
Sofia.

Nakala: Viongozi wa klabu zote za Ligi Kuu ya Bulgaria.

YAH: MECHI ZA LITEX LOVECH ZILIZOFUTWA KATIKA MSIMU WA 2015/16

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 12 Desemba 2025 ilitimia miaka 10 tangu wachezaji wa Litex Lovech walipotolewa uwanjani kabla ya mapumziko katika mechi yao dhidi ya Levski Sofia. Litex iliondolewa ligini kwa kosa hilo na matokeo yake yote ya msimu yakafutwa. Hadi leo, msimamo wa mwisho wa msimu ule unasomeka kana kwamba klabu hiyo haikupata wala kupoteza hata pointi moja, ingawa ilikuwa imecheza tangu Julai mbele ya mashabiki waliolipa viingilio. Ninawaandikia kuomba mechi zile zirudishwe kwenye kumbukumbu rasmi za ligi bila kumvua mtu ubingwa wala nafasi yake, na kuomba kanuni ya kuiondoa timu ligini katikati ya msimu iandikwe upya, ili kosa la klabu moja lisilipwe tena na klabu zisizo na hatia.

Mimi ni Mtanzania niliyeishi Sofia, kwanza kama mwanafunzi na baadaye kama mfanyakazi, na ligi yenu niliizoea nikiwa jukwaani, kwenye viti vilivyotapakaa maganda ya mbegu za alizeti ambazo mashabiki wenu huzitafuna kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Nakala ya Kibulgaria ya barua hii nimeituma kwenu kwa posta. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa sababu ligi yenu ina wafuatiliaji wengi wanaozungumza lugha hii kuliko mnavyoweza kudhani. Wapo wanaoijua kupitia mikeka yao ya kubeti, lakini wapo pia walioanza kuifuatilia kwa sababu ya wachezaji. Katika msimu huo wa 2015/16 Ludogorets Razgrad ilikuwa na Jody Lukoki, mzaliwa wa Kinshasa aliyeichezea timu ya taifa ya Kongo, na ilikuwa na Anicet Abel wa Madagascar. Baadaye beki Mkenya Aboud Omar alivaa jezi ya Slavia Sofia. Na mashabiki wa Arsenal wa Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura hawajausahau usiku wa tarehe 1 Novemba 2016, pale Ludogorets ilipoongoza kwa mabao 2-0 jijini Sofia kabla ya Arsenal kusawazisha na Mesut Özil kufunga bao la tatu baada ya kumpiga chenga kipa na mabeki wake. Ludogorets iliingia katika michuano ile ya Ligi ya Mabingwa kwa tiketi ya ubingwa wa msimu huu ninaouzungumzia, na kwa hiyo msimu huu unawahusu watu wengi nje ya mipaka yenu.

Ili hoja yangu ieleweke, ni lazima nianze na hali ya ligi ilivyokuwa kabla ya siku ile ya Desemba. Msimu wa 2012/13 ligi ilikuwa na timu 16. Msimu uliofuata zilikuwa 14, uliofuata tena zilikuwa 12, na msimu wa 2015/16 ukaanza na timu 10. Katika kiangazi cha mwaka 2015, CSKA Sofia na Lokomotiv Sofia zilinyimwa leseni, na CSKA, klabu ambayo tangu ilipoanzishwa mwaka 1948 haikuwahi kucheza nje ya daraja la juu, ikaanza msimu katika daraja la tatu kwa sababu ya madeni. Maana yake ni kwamba kwa msimu mzima wa ligi hakukuwa na mechi ya watani wa jadi wa Sofia, CSKA na Levski, mechi ambayo kwa Mbulgaria ina uzito uleule wa mechi za watani tunazozijua sisi huku kwetu. Sisemi kwamba CSKA ilionewa. Leseni ni leseni, na klabu isiyolipa madeni yake haina haki ya kushindana na zile zinazolipa. Ninachosema ni kwamba ligi iliyokwisha kupungua kiasi hicho haikuwa na nafasi ya kupoteza timu nyingine, na ndiyo maana uamuzi uliofuata ulihitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Jumamosi ile ya tarehe 12 Desemba, mjini Lovech, Litex ilikuwa ikiongoza kwa bao 1-0. Kipindi cha kwanza kilipokuwa kinaelekea ukingoni, mwamuzi aliipa Levski penalti na kumtoa beki wa Litex kwa kadi nyekundu. Wachezaji wa Litex walimzonga mwamuzi, kisha kiongozi wa klabu yao akiwa pembeni mwa uwanja akawaita watoke, nao wakatoka. Penalti haikupigwa. Levski walibaki uwanjani wakisubiri, mashabiki waliokuwa wamevaa makoti mazito ya majira ya baridi wakabaki wakitazamana, na mechi ikavunjika. Iwapo penalti ile ilikuwa halali au la ni jambo ambalo Wabulgaria wanalibishania hadi leo, na sitaligusa, kwa sababu kwa hoja yangu halibadilishi kitu.

Litex ilikosea, na ilikosea vibaya. Timu inayotoka uwanjani kwa sababu haikubaliani na mwamuzi inamnyima mpinzani wake haki ya kucheza, inamwibia mtazamaji aliyelipa kiingilio, na inafungua mlango ambao kila kiongozi wa klabu mwenye hasira angependa kuupitia. Hakuna ligi inayoweza kulifumbia macho jambo hilo. Levski ilistahili ushindi wa mezani. Faini ilistahili. Wale walioamuru timu itoke walistahili kufungiwa kwa muda mrefu, na kama kanuni zilitaka klabu iondolewe ligini, basi iondolewe. Hadi hapo sina ugomvi na shirikisho, na ningekuwa mjumbe wa kamati ya nidhamu ningepiga kura ya adhabu kali.

Ugomvi wangu ni juu ya kilichofuata. Litex ilipoondolewa, matokeo ya mechi zake zote za msimu yalifutwa. Si mechi ile ya Levski peke yake, wala si zile ambazo hazikuwa zimechezwa, bali zote, kuanzia Julai. Mechi ambazo mwamuzi alipuliza filimbi ya mwisho, manahodha wakapeana mikono, na taarifa za mechi zikajazwa na kutiwa saini, zikawa hazina thamani yoyote katika msimamo. Klabu 9 zilizobaki zilimaliza msimu zikiwa na mechi 32 kila moja badala ya 36, na kwa kuwa 9 haigawanyiki kwa mbili, kila wikendi ya raundi za majira ya kuchipua timu moja ilikaa nyumbani bila mechi.

Naomba mlitazame jambo hili kwa jicho la klabu ambayo haikuwa na kosa lolote. Timu iliyokwenda Lovech vuli ile ikapambana na kuondoka na pointi 3 ilipokonywa pointi hizo, ilhali timu iliyofungwa na Litex ilisamehewa kipigo chake. Iliyojiandaa vizuri ikaadhibiwa na iliyozembea ikazawadiwa, na yote mawili yakatendeka kwa sababu ya uamuzi wa dakika chache uliofanywa na watu wa klabu ya tatu. Mtaniambia kwamba mwishoni haikubadilisha bingwa, na ni kweli, kwani Ludogorets ilitwaa ubingwa wake wa 5 mfululizo kwa tofauti kubwa ya pointi. Lakini ligi si bingwa peke yake. Chini ya Ludogorets kulikuwa na kinyang'anyiro cha nafasi za Ulaya, na nafasi hizo zina fedha ambazo kwa klabu kama Slavia au Beroe ni tofauti kati ya kulipa mishahara kwa wakati na kutolipa. Msimu ule hata nafasi ya nne iliishia kuwa na thamani hiyo. Tarehe 24 Mei 2016 CSKA, ikiwa timu ya daraja la tatu, iliifunga Montana bao 1-0 kwenye Uwanja wa Taifa wa Vasil Levski na kutwaa Kombe la Bulgaria, ila haikuwa na leseni ya UEFA, hivyo tiketi ya Ligi ya Europa ikashuka hadi kwa Slavia. Pale ambapo nafasi ya nne inampeleka mtu Ulaya, kila pointi iliyopatikana Lovech ina bei yake.

Kuna na mashabiki. Shabiki wa Cherno More anayetoka Varna kwenda Lovech anasafiri zaidi ya kilomita 250 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Ana tiketi yenye tarehe, jina la uwanja na majina ya timu mbili. Aliona mabao yakifungwa. Halafu anafungua gazeti mwezi Februari, ligi inaporejea baada ya mapumziko ya baridi, na msimamo aliouacha Desemba umebadilika ingawa hakuna mpira uliopigwa hata mara moja tangu hapo. Timu yake ina mechi chache kuliko zile alizozitazama yeye mwenyewe. Sijui ni kwa njia gani mtu huyo anaweza kuelezwa akaridhika, na sidhani kama kuna aliyejaribu kumweleza.

Nimewasikia wanaotetea kufuta, na hoja yao ina uzito. Wanasema kwamba kama matokeo ya zamani yangebaki na mechi zilizosalia zikahesabiwa kuwa ushindi wa mezani wa 3-0, basi timu zilizokutana na Litex mara nyingi zaidi mwanzoni zingeumia kuliko zile zilizobakiza mechi nyingi mkononi, na kwamba kufuta kila kitu ndiko kunakoziweka timu zote mahali pamoja. Ni kweli kwamba ushindi wa mezani unaogawiwa kwa hesabu isiyo sawa ni dhuluma nyingine. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba kuna njia mbili tu, yaani kufuta vyote au kugawa vyote, na ligi yenu ya wakati ule ilikuwa na njia ya tatu iliyo wazi kabisa. Ligi ya timu 10 zinazokutana mara 4 ina raundi 36, na kila baada ya raundi 9 kila timu inakuwa imekutana na kila timu idadi ileile ya mara. Kanuni ingeweza kusema kwamba timu ikiondolewa, matokeo yake ya kila mzunguko uliokamilika yanabaki jinsi yalivyo, na yale ya mzunguko ambao haujakamilika tu ndiyo yanayofutwa. Hapo hakuna timu inayopata mechi ya bure wala inayopoteza pointi ilizozitolea jasho kabla ya kosa kutokea. Usawa unabaki, na mechi zinabaki.

Hilo ndilo ninalopendekeza liandikwe kwenye kanuni zenu sasa. Katika ligi ya timu 16 mliyonayo leo hesabu ni rahisi vilevile, kwani mzunguko wa kwanza unakamilika baada ya raundi 15. Timu ikiondolewa baada ya hapo, matokeo ya mzunguko wa kwanza yabaki. Ikiondolewa kabla ya hapo, matokeo yafutwe kwenye msimamo kwa kuwa hakuna njia nyingine ya haki, lakini taarifa za mechi, wafungaji, kadi na idadi ya mechi za kila mchezaji zihifadhiwe na kuchapishwa zikiwa na maelezo kwamba hazihesabiwi katika pointi. Mchezaji kijana aliyeanza kwa mara ya kwanza katika ligi kuu dhidi ya Litex alianza siku hiyo, na hakuna kikao kinachoweza kuifanya siku hiyo isiwepo. Kwa wachezaji wa soka la kulipwa hili si suala la hisia peke yake. Idadi ya mechi ndiyo wasifu wao wanapotafuta timu mpya, na mikataba mingi ina vipengele vinavyotegemea mechi na mabao.

Kuhusu wachezaji wa Litex wenyewe nitasema kwa ufupi, kwa kuwa walikuwa waajiriwa walioamriwa watoke na wakatii. Waliondoka uwanjani Jumamosi wakiwa wachezaji wa ligi kuu, na dirisha dogo la Januari likawakuta hawana ligi kuu ya kuchezea. Kiongozi aliyetoa amri anaweza kufungiwa, lakini kijana wa miaka 20 aliyemfuata nahodha wake kuelekea vyumbani hakustahili kupoteza kumbukumbu za mechi alizozicheza tangu Julai.

Waheshimiwa, huenda mkasema kwamba msimu uliokwisha haufunguliwi. Historia ya soka lenu inasema vingine. Tarehe 19 Juni 1985, fainali ya Kombe kati ya CSKA na Levski iliishia kwa vurugu uwanjani, na Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti ikaamuru klabu zote mbili zivunjwe. CSKA ikageuzwa kuwa Sredets, Levski ikawa Vitosha, Levski ikapokwa ubingwa wa ligi wa msimu wa 1984/85, na wachezaji kadhaa wakafungiwa maisha. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 19 aliyeitwa Hristo Stoichkov. Mwingine alikuwa kipa Borislav Mihaylov. Adhabu zile zilipunguzwa, majina ya klabu yakarudi, na ubingwa wa Levski ukarejeshwa, na leo unahesabiwa kati ya mataji yake. Stoichkov alichukua Ballon d'Or mwaka 1994, mwaka ambao Bulgaria ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia ikiongozwa na nahodha Mihaylov, na Mihaylov huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa rais wa shirikisho lenu kuanzia mwaka 2005. Ndiye aliyekuwa kwenye kiti hicho Desemba 2015.

Ninaitaja habari hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba nchi yenu ilikwisha kuamua, kuhusu jambo zito kuliko hili, kwamba adhabu iliyopita kiasi inaweza kurekebishwa bila dunia kupasuka. Fainali ya 1985 ilikuwa na ngumi, makosa yalikuwa dhahiri, na bado baada ya muda watu wenye busara waliona kwamba kufuta ubingwa uliopatikana kwa msimu mzima kwa sababu ya mechi moja ya kombe hakukuwa na mantiki. Mantiki hiyohiyo inahusu mechi za Litex. Zile za Agosti hazikuwa na uhusiano wowote na penalti ya Desemba.

Wengi wenu hamkuwa madarakani wakati huo. Uongozi ulibadilika baada ya maandamano ya Novemba 2023, siku ambayo Bulgaria na Hungary zilicheza ndani ya uwanja usio na watazamaji huku mitaa ya katikati ya Sofia ikiwa imejaa mashabiki na polisi, na rais wa sasa alichaguliwa na mkutano mkuu wa Machi 2024. Kwa hiyo siwaandikii kama washtakiwa. Ninawaandikia kama watu wenye uwezo wa kurekebisha jambo ambalo hamkulisababisha, na ambao mnaweza kulifanya bila kumtetea mtu yeyote wala kujitetea wenyewe. Hali hiyo hutokea mara chache katika uongozi wa soka, mahali popote.

Lipo jambo la pili ambalo siwezi kuliacha, kwa sababu bila hilo kisa cha msimu huu hakikamiliki. Katika kiangazi cha mwaka 2016 ligi iliongezwa hadi timu 14. Timu 9 zilizobaki ziliendelea, na kati ya 5 zilizoongezwa mojawapo ilikuwa CSKA-Sofia, ambayo ilirejea daraja la juu moja kwa moja kutoka la tatu kwa kupitia leseni ya Litex, chini ya mmiliki yuleyule. Ninaelewa furaha ya mashabiki wa CSKA. Niliishuhudia, na ninakubali kwamba ligi ya Bulgaria bila watani wale wawili ilikuwa imepooza. Hata hivyo, utaratibu huo uliacha jeraha pande mbili. Sehemu ya mashabiki wa CSKA wenyewe hawakuukubali, wakaanzisha CSKA 1948 mwaka huohuo, wakaanza kuipandisha kutoka chini, na ilipofika mwaka 2020 klabu yao ikaingia ligi kuu. Upande wa pili ni Lovech.

Lovech ni mji mdogo ulio kwenye mto Osam, unaojulikana nchini kote kwa daraja lake la mbao lenye paa na maduka ndani yake. Klabu ya mji huo ilikuwa bingwa wa Bulgaria mara 4, katika misimu ya 1997/98, 1998/99, 2009/10 na 2010/11. Baada ya ule wa mwisho, Ludogorets ilipanda daraja na kuchukua ubingwa uliofuata, na mingine 13 baada ya huo bila kupumzika. Kwa maneno mengine, Litex ndiyo timu ya mwisho kuwa bingwa kabla ya utawala wa Razgrad kuanza. Tangu Desemba 2015 haijarudi ligi kuu. Watoto wa Lovech walio na miaka 10 leo hawajawahi kuona mechi ya ligi kuu ya timu ya mji wao. Adhabu ya kuondolewa ligini ilikusudiwa kuwaumiza waliotoa amri ya kutoka uwanjani, lakini waliotoa amri waliendelea na soka kwingine, na mji ndio uliobaki umeadhibiwa. Naomba kanuni zenu za leseni ziseme kwa maneno yasiyo na mwanya kwamba nafasi katika ligi kuu hupatikana kwa kupanda daraja uwanjani, kwamba leseni ya klabu iliyoondolewa kwa utovu wa nidhamu haiwezi kuwa njia ya klabu nyingine kuruka daraja, na kwamba nafasi ikibaki wazi inakwenda kwa timu iliyofuata katika msimamo wa daraja la pili.

Nafahamu kwamba shirikisho lina mambo mengi mezani: madeni ya klabu, hali ya viwanja, waamuzi ambao kila wikendi wanatuhumiwa na kila upande. Ninachoomba hakigharimu fedha. Kumbukumbu zipo, kwa kuwa taarifa za mechi za mwaka 2015 ziliandikwa na kuwasilishwa kwenye ofisi zenu. Kinachotakiwa ni azimio moja la Kamati Tendaji kwamba orodha kamili ya mechi za Litex za msimu wa 2015/16, pamoja na tarehe, matokeo, wafungaji na vikosi, ichapishwe na shirikisho kama sehemu ya historia rasmi ya ligi. Kwamba mechi na mabao ya wachezaji wote waliohusika yahesabiwe katika takwimu zao rasmi za maisha yao ya soka. Na kwamba msimamo wa mwisho ubaki ulivyo, ukiwa na maelezo chini yake yanayoeleza ni kwa nini kila klabu ina mechi 32. Ludogorets haitapoteza kitu. Levski, Beroe na Slavia zilikwisha kucheza mechi zao za Ulaya na hakuna atakayezidai. Hakuna kesi ya fidia inayoweza kuzaliwa na ukurasa wa takwimu.

Kanuni za mashindano hupitiwa upya kabla ya kila msimu kuanza. Naomba marekebisho haya mawili, lile la mizunguko iliyokamilika na lile la leseni, yaingizwe kwenye ajenda ya kikao chenu kitakachopitisha kanuni za msimu ujao, na klabu zipewe rasimu mapema ili zitoe maoni yao kwa maandishi. Naomba pia klabu ya Lovech ialikwe kwenye kikao hicho, hata kama leo haimo miongoni mwa wanachama wa ligi kuu, kwa kuwa ndiyo inayojua kuliko klabu nyingine yoyote jinsi kanuni ya sasa inavyofanya kazi inapotumika.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika soka,

Mpenzi wa Ligi Kuu ya Bulgaria,
Dar es Salaam, Tanzania.